Nasaba si ukoo: Somo ambalo bibi wa Pande aliwapa wajukuu zake

Jumapili moja jioni binti yangu, ambaye yuko darasa la nne, alitandaza karatasi ya manila mezani na kuanza kazi ya nyumbani. Agizo la mwalimu lilikuwa fupi: "Chora mti wa ukoo wako." Hakuhitaji msaada wangu. Aliandika jina lake chini, juu yake la baba yake, juu yake tena la babu yake, kisha akamfuata baba yake sebuleni kuuliza jina la baba wa babu na la baba wa huyo. Ndani ya robo saa alikuwa na majina matano, moja juu ya jingine kama ngazi. Akafunga kalamu.

Mwenzake hakuwa ameandika kitu. Huyo ni mtoto wa mdogo wangu wa kike. Wako darasa moja, na amekaa kwangu Mbagala tangu akiwa na miaka mitatu, mama yake akihangaika na biashara ya chakula Lindi mjini. Baba yake aliondoka kabla mtoto hajazaliwa na simu yake haikupatikana tena. Karatasi ya mtoto yule ilikuwa na jina lake tu, na juu yake kibox kitupu kilichoandikwa "baba". Nilipomuuliza mbona haendelei, alinijibu bila kunitazama: "Mama mkubwa, mimi sina ukoo. Hata darasani walisema."

Wazazi wenzangu, nilikosa la kumwambia. Aliyekuwa na jibu ni mama yangu mzazi, aliyekuja kutoka Pande, Kilwa, kwa matibabu ya macho. Alikuwa ameketi mkekani, kimya, tukidhani amesinzia.

"Nyie wake wenzangu," aliwaita wajukuu zake kwa utani wake wa siku zote, "hebu njooni na karatasi zenu. Mimi sioni, nisomeeni."

Binti yangu akasoma majina yake matano kwa sauti ya kujiamini. Bibi yake akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Hongera. Lakini mwalimu hakuomba hii. Hii uliyoandika ni nasaba. Ukoo wako uko wapi?"

Mnazi na mkorosho

Wengi wetu tunayatumia maneno haya mawili kana kwamba ni mapacha. Mtu husema "nasaba yetu" akimaanisha ukoo, na mwingine husema "ukoo wake umetokea kwa fulani bin fulani" akimaanisha nasaba. Katika mazungumzo ya kawaida haileti shida. Shida huanza pale neno moja linapolimeza jingine, na mtoto akaambiwa kuwa hana kitu ambacho kwa kweli anacho.

Mama yangu hakusoma kamusi. Alilima ufuta na mihogo, akaokota korosho, na akawaeleza watoto kwa miti anayoijua. Nasaba, alisema, ni mnazi. Una shina moja linalokwenda juu, hauna tawi la pembeni, na anayeupanda anapita alama moja baada ya nyingine mpaka kileleni. Ukoo ni mkorosho. Haupandi sana, lakini unatandaza matawi kila upande mpaka mengine yanagusa ardhi, na watu wanakaa chini yake kivulini.

Maelezo ya wanaojua lugha hayaendi mbali na hayo. Nasaba ni neno tulilolipata kutoka Kiarabu, nalo lina ndugu zake: nisba, kunasibisha, mnasaba. Yote yanabeba maana ya kuunganisha kitu kimoja na kingine. Nasaba ni uzi unaomuunganisha mtu na mzazi wake, na mzazi huyo na mzazi wake, hadi mbali. Ndiyo maana husomwa kama orodha: fulani bin fulani bin fulani. Ukoo ni watu. Ni kundi la walio hai na waliotangulia wanaojihesabu kuwa wametoka kwa mhenga mmoja, wakiwa na haki na wajibu kati yao.

Sikiliza tunavyozungumza na utaona tofauti. Mtu akifariki tunaitisha kikao cha ukoo. Hakuna aliyewahi kuitisha kikao cha nasaba, kwa sababu orodha ya majina haiwezi kukaa kikao. Mahakama ya mwanzo ikishughulikia mirathi huhitaji muhtasari wa kikao hicho kinachompendekeza msimamizi. Vilevile tunasema mtu "ametaja nasaba yake", kwa kuwa nasaba hutajwa. Ukoo huwa tunauendea: kwenye msiba, kwenye harusi, kwenye ugonjwa.

Nasaba pia ni rahisi kuigeuza kuwa majivuno. Si bure kwamba Ken Walibora, katika riwaya yake Kidagaa Kimemwozea, alimpa mtawala dhalimu jina la Mtemi Nasaba Bora. Angemwita "Ukoo Bora" kejeli isingekolea vile.

Baba ana uzi, mama ana watu

Huku kusini kuna jambo jingine linaloyatenganisha maneno haya, nalo ndilo lililomfanya mama yangu aulize swali lile. Pwani ya Kilwa na Lindi ni makutano ya Wamatumbi, Wangindo, Wamachinga, Wamwera, Wamakonde na wengine wengi. Miongoni mwao, Wamwera na Wamakonde, kama walivyo Wamakua na Wayao, kwa jadi huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwanamume mwenye sauti juu ya mambo yake makubwa ni mjomba. Wayao wana neno mbumba kwa kundi la dada na watoto wao walio chini ya uangalizi wa kaka yao.

Wakati huohuo watu wa pwani hii wengi ni Waislamu, na katika Uislamu mtoto huitwa kwa baba yake. Hata anayelelewa na mtu mwingine hapaswi kupokonywa jina la baba aliyemzaa. Kwa hiyo mtu mmoja wa Pande anaweza kubeba vyote viwili bila kugongana: nasaba yake inapanda kwa baba, ukoo wake unatandaa kwa mama. Mama yangu mwenyewe ni Mmwera kwa mama yake. Akitaja jina lake kamili, hakuna neno hata moja ndani yake linaloonyesha Umwera huo. Lakini akipatwa na jambo, wanaofika wa kwanza ni watoto wa mama zake wadogo na wakubwa.

Tofauti hii si ya maneno tu. Chukua ndoa. Kwa sheria ya Kiislamu watoto wa dada wawili wanaweza kuoana. Kwa desturi ya ukoo wa mama hao ni ndugu kabisa, na kuoana kwao ni mwiko, ilhali mtoto wa mjomba ni binamu na desturi inamruhusu, hata inampendelea. Sasa fikiria vijana wawili waliokutana Dar es Salaam, wote wana mizizi kusini. Majina yao ni ya baba tu, hayafanani hata kidogo. Mama zao ni dada wa tumbo moja waliopoteana kwa miaka. Wakitaja nasaba zao usiku kucha hawatagundua kitu. Swali moja la ukoo, "mama yako ametoka kwa nani?", lingetosha.

Chukua mirathi. Kwa hesabu ya ukoo wa mama, mali ya mjomba ilikuwa na mkono wa wapwa zake. Kwa sheria ya Kiislamu watoto wa marehemu wanatangulia. Shamba la minazi likibaki bila mazungumzo, mwenye kushika nasaba na mwenye kushika ukoo wanafika shambani asubuhi moja, kila mmoja ana uhakika kuwa liko upande wake. Familia nyingi zimevunjika hapo, na si kwa uroho peke yake. Kila upande ulifundishwa neno moja tu.

Chukua hata afya. Ugonjwa wa selimundu mtoto huupata pale anaporithi vinasaba vyake kutoka kwa baba na mama pia. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji tu, wenyewe wazima, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumzaa mtoto mgonjwa. Daktari akiuliza kama kwenu kuna mwenye maradhi hayo, anauliza mkorosho mzima, si shina la mnazi.

"Jina la ukoo" kwenye fomu

Hapa ndipo wazazi wengi wa pwani tunaponaswa. Fomu nyingi zina nafasi tatu: jina la kwanza, jina la kati, jina la ukoo. Kwa Mchaga aitwaye Mushi au Massawe hakuna tatizo, kwa sababu jina hilo ni la ukoo kweli na halibadiliki kutoka kwa babu hadi mjukuu. Kwetu sisi jina la tatu ni la babu. Ni ubini, yaani kipande cha nasaba, na nasaba husogea kila kizazi.

Tuseme baba anaitwa Saidi Juma Bakari. Mtoto wake ataandikwa Ali Saidi Juma, na mjukuu Hamisi Ali Saidi. Ukisoma kisanduku cha "jina la ukoo" peke yake utakuta Bakari, Juma na Saidi, kana kwamba ni watu wa koo tatu tofauti, kumbe ni baba, mwana na mjukuu wa nyumba moja. Mambo huharibika zaidi mzazi anapoamua katikati ya safari kwamba "ukoo wetu ni Bakari": cheti cha kuzaliwa kinasema Juma, cheti cha shule kinasema Bakari, na kijana anapofika kuomba kitambulisho cha taifa au mkopo wa chuo anaambiwa huyu si yule. Ndipo safari za kwa wakili kula kiapo cha majina zinaanza.

Fomu haina kosa kubwa, nasi hatuna kosa. Ni neno moja limewekwa mahali pa jingine. Mzazi akilijua hilo mapema, atachagua mpangilio mmoja wa majina na kuushikilia kuanzia tangazo la kizazi hadi chuo kikuu.

Mohamedi bin Ali alikuwa wa nani?

Mama yangu alipoona wajukuu wameanza kupotea katika maelezo, aliwatolea hadithi ambayo wazee wa Kilwa wamekuwa wakiisimulia tangu zamani. Kisiwa cha Kilwa Kisiwani, alisema, kilikuwa cha Mzee Mrimba. Akaja Sultani Ali, Mshirazi, kwa jahazi lenye nguo na shanga. Akamwoa binti wa Mrimba. Kisha akamwomba mkwewe amwachie kisiwa, na Mrimba akakubali kuhamia bara kwa sharti kwamba atandikiwe nguo njia nzima akanyage juu yake. Nguo zikatandikwa.

Wengi huishia hapo: kisiwa kikanunuliwa kwa nguo. Lakini hadithi ina sehemu ya pili. Binti wa Mrimba alizaa mtoto wa kiume, Mohamedi. Alipokuwa mtu mzima alivuka bara kwenda kumwamkia babu yake mzaa mama. Mrimba akamkabidhi mjukuu utawala wake.

"Sasa niambieni," bibi akawauliza, "jina lake Mohamedi bin Ali. Mrimba yumo kwenye jina?"

"Hayumo," walijibu wote wawili.

"Na nchi ya bara aliipewa na nani?"

"Na Mrimba."

Hiyo ndiyo nasaba na ukoo ndani ya mtu mmoja. Jina lake lilikwenda kwa baba aliyekuja na jahazi. Haki yake juu ya nchi ilipita kwa mama, ambaye jina lake halimo katika "bin" hata moja.

Sayansi nayo imepita njia hiyohiyo. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya pwani, ikiwemo Kilwa, Songo Mnara na Lindi. Kwa wengi wa watu hao wa pwani, zaidi ya nusu ya vinasaba ilitoka kwa wahenga wa Kiafrika, na hao hasa walikuwa wanawake. Sehemu iliyotoka Asia kwa kiasi kikubwa ilitoka kwa wanaume wa Uajemi, na kuchanganyika kwao kulianza takriban mwaka 1000. Kwa karne nyingi watu wa pwani waliotaja nasaba walitaja Shirazi. Hawakusema uongo. Walitaja uzi, wakasahau kutaja watu.

Karatasi ya pili

Baada ya hadithi, mama yangu aligeukia karatasi iliyokuwa tupu. Akamwambia mjukuu wake aandike katikati, siyo chini. Kisha akaanza kumtajia: mimi bibi yako, mama yangu, mama wa mama yangu aliyetoka Ruangwa akaolewa pwani. Dada zangu wawili na watoto wao. Mama yako, mama yako mkubwa huyu hapa, mjomba wako mvuvi aliyepo Pande, mjomba wako mwenye duka Nangurukuru. Mtoto akaandika mpaka karatasi ikajaa, tukagundisha nyingine pembeni. Kufika saa nne usiku ilikuwa na majina thelathini na moja.

Binti yangu alikuwa amesogea kuangalia. Akaona jina lake mwenyewe kwenye mti wa mwenzake, akauliza, "Bibi, na mimi nimo humu?"

"Umo. Nyie ni tumbo moja. Kwa nasaba kila mtu ana njia yake, kwa ukoo nyie hamna tofauti hata ya ukucha."

Sitaki nieleweke vibaya. Kusema mtoto ana ukoo si ruhusa kwa baba kukimbia. Nasaba ni haki ya mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa haki ya kuwa na jina, uraia, na kuwajua wazazi wake waliomzaa pamoja na ndugu wa familia pana, na inaruhusu kuiomba mahakama ithibitishe nani ni mzazi. Mdogo wangu hajaufunga mlango huo. Hata wanazuoni wa Kiislamu, kwa mtoto ambaye baba yake hakuthibiti kisheria, hawakumwacha hewani: humnasibisha na mama yake, na akarithiana naye na ndugu wa upande huo. Lakini mtoto wa miaka kumi hawezi kusubiri mahakama ndipo ajue kwamba ni wa watu.

Mzazi, anzia hapa

Si lazima usubiri kazi ya shule. Kaa na mwanao siku moja na umtajie mambo mawili, ukiyatenganisha kwa majina yake. Kwanza nasaba: majina ya baba, babu na zaidi kadiri mnavyojua, na pia mama, mama wa mama, na mama wa huyo. Wengi wetu tunakwama kwa mama wa tatu. Hapo ndipo pa kupiga simu kwa wazee wakiwa bado wapo. Pili ukoo: shangazi, wajomba, mama wakubwa na wadogo, watoto wao, nani anaishi wapi, na kwenu desturi inahesabu kwa nani.

Mwambie pia kwa nini kisanduku cha "jina la ukoo" kwenye cheti chake kina jina la babu. Andikeni yote kwenye daftari moja, maana simu hupotea. Na kama katika nyumba yako yupo mtoto asiye na jina la kuandika juu ya lake, mwanzishie katikati ya karatasi.

Jumatatu asubuhi watoto waliondoka na kazi zao. Mwenye majina matano alikuwa ameongeza nyuma ya karatasi watu wa upande wangu. Mwenye majina thelathini na moja aliikunja ya kwake taratibu ili gundi isiachie. Nilipoitazama mara ya mwisho niliona kile kibox kilichoandikwa "baba" bado kipo, kitupu, mahali pake. Nilitaka kumshauri akifute, bibi yake akanikataza.

"Kiache," alisema. "Hicho ni cha nasaba, kina mwenyewe. Siku moja atakijaza au hatakijaza. Wenzake hawa wote wamekwishafika."